Boga Lenye Meno

Wiki ile ya mwisho ya Oktoba, Mutale hakuweza kutulia mahali pamoja. Akianza kutwanga, aliacha mchi ndani ya kinu akaenda kusimama mlangoni. Akisimama mlangoni, alikumbuka sufuria jikoni, na akifika jikoni alikuwa amesahau alichokifuata. Joto lilikuwa limepanda kama linavyopanda Elisabethville kabla ya mvua ya kwanza. Moshi wa tanuru za shaba ulilala juu ya mabati, na mtaa mzima wa Cité Albert ulikuwa ukitazama mawingu. Mutale hakuwa akitazama mawingu. Alikuwa akiwaza maboga yake.

Aliyalima mwenyewe kando ya kijito, njia ya kwenda Kasungami, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Aliyamwagilia kwa ndoo kiangazi chote, wakati wenzake walikuwa wameziacha bustani zao zikauke. Alivuna manne, makubwa kiasi kwamba aliyabeba kichwani moja moja, safari nne. Akayapanga chini ya kitanda penye ubaridi, yangoje siku ambazo unga ungeadimika, maana ulikuwa mwaka wa vita na kila kitu kiliadimika. Sasa chini ya kitanda yalikuwa yamebaki mawili.

“Madame anayataka,” mume wake Donat alikuwa amesema, akilifunga la pili nyuma ya baiskeli.

“Ya kupika?”

“Ya kazi.”

Mazungumzo yakaishia hapo, kwa kuwa Donat hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwaka wa tisa huo alikuwa mpishi katika nyumba ya mzungu mmoja wa Uskochi, mhandisi wa reli, ambaye jina lake lilikuwa gumu hata watu wa cité wakalifanya Makalodi. Alitoka asubuhi kabla watoto hawajaamka. Jioni aliegemeza baiskeli ukutani, akanawa, akala, akakaa kwenye kiti chake akitazama mikono yake. Watoto walikuwa wawili, Julienne wa miaka minane na Numbi wa mitano, na wote wawili walishusha sauti mara tu waliposikia baiskeli ikiingia uani. Hakuwapiga, wala hakuwagombeza. Aliingia tu na ukimya wake, nao ukaenea nyumba nzima.

Wiki hiyo ilikuwa na mambo mengine. Donat alianza kuchelewa. Siku nne mfululizo alifika giza likianza kuingia, mikono ikinuka boga bichi, na chini ya kucha zake kulikuwa na weusi kama wa masizi. Mutale alimwekea maji ya kunawa. Akafikiria mwanamke. Halafu akajiuliza ni mwanamke gani wa mjini anayechumbiwa kwa maboga, na wazo hilo likamwacha, lakini wasiwasi haukumwacha.

*

Siku ya Ijumaa asubuhi, kwenye bomba la maji, aliwakuta wanawake wamesimama wamekaribiana, ndoo zao chini, hakuna anayeteka. Walipomwona walinyamaza. Jirani yake Kapya, ambaye nyumba yake na ya kina Mutale zilitenganishwa na ua wa mabua tu, ndiye aliyetoka kwenye kundi.

“Mama Julienne, nitakuambia mimi, usisikie ku bengine,” alisema Kapya. “Kalaba ameona kintu kule ku bazungu.”

Kalaba alikuwa mlinzi katika nyumba iliyopakana na ya Makalodi. Watu wote walimjua kwa sauti yake kubwa na kwa kupenda kwake kuwa wa kwanza kuleta habari.

“Ameona nini?”

“Kichwa. Kwenye baraza ya Madame Makalodi. Kichwa iko na macho, iko na meno, na ndani moto inawaka.” Kapya alipunguza sauti. “Na bwana yako njo alikuwa anakishika. Anakiweka vizuri, sawa muntu anaweka sahani ya kioo.”

Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Mwaka huo mji mzima ulikuwa ukizungumza habari za batumbula, watu waliosemekana kuvizia njiani jua likitua ili kuwakamata wapita njia na kuwapeleka wasikojulikana, wakanenepeshwe na kuliwa. Hakuna aliyeweza kusema amemwona mtumbula kwa macho yake, na hakuna aliyekubali kupita peke yake kwenye mitaro ya njia ya reli baada ya saa kumi na moja. Akina mama waliwaita watoto ndani mapema. Na kadiri siku zilivyozidi, ndivyo watu walivyozidi kuuliza ni nani kati yetu anayewafungulia mlango. Maana watu hao, ilisemwa, hawawezi kufanya kazi bila mtu wa hapahapa.

“Baba Julienne ni mupishi,” Mutale alisema. “Anapika.”

“Njo vile,” mwanamke mmoja nyuma alijibu taratibu. “Anapika nini?”

Mutale aliteka maji. Alipojitwisha ndoo, aliona kwamba wengine walikuwa wamezisogeza ndoo zao kando, si mbali, kiasi cha hatua mbili. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliendelea kuziona hatua hizo mbili.

Jioni hiyo alimwambia Donat yote aliyoyasikia. Donat alitafuna bugali akamaliza tonge.

“Maneno ya bomba,” alisema.

“Kalaba amekuona.”

“Kalaba anaona mengi.”

“Basi niambie weye mwenyewe. Kile kichwa ni kichwa ya nini?”

Mutale alimwona akifungua kinywa. Kwa kitambo kifupi uso wake ukawa wa mtu anayetaka kusema, na kilichokuwa juu ya uso huo hakikuwa hofu. Kilikuwa haya. Kisha akakifunga tena, akainuka, akaenda kulala. Mutale alipokuwa akikunja koti lake la kazi, akakuta mfukoni kipande cha karatasi nyeusi kilichopakwa masizi. Kilikuwa kimekatwa kwa mkasi kama bawa, bawa lenye ncha ncha, la ndege asiyemjua. Alikirudisha haraka, akafuta vidole vyake kwenye nguo, na masizi hayakutoka yote.

Asubuhi ya Jumamosi Donat alitoka na boga la tatu.

*

Mchana wa siku hiyo Mutale alifunga mlango. Wakati mwingine angemwachia Kapya watoto, lakini asubuhi alikuwa amemwona Kapya akimvuta binti yake Agnès kwa mkono asiuvuke ua. Basi akamfunga Numbi mgongoni ingawa alikuwa mkubwa mno kubebwa, akamshika Julienne mkono, wakaondoka. Walivuka reli. Walipita njia za wazungu zilizonyooka, maua ya zambarau ya jakaranda yamejaa chini na kuteleza chini ya miguu. Julienne aliuliza mara tatu wanakwenda wapi. Mara ya tatu Mutale akamjibu, “Kuangalia kazi ya baba yako.”

Alijua mahali nyumba ilipo, ingawa hakuwahi kuingia. Walipita njia ya nyuma, ile ya wafanyakazi na mapipa ya taka, mpaka kwenye ua wa miti mifupi iliyokatwa sawasawa. Kulikuwa na pengo. Mutale aliinama akachungulia.

Kwanza aliona vichwa. Vilikuwa vitatu, vimepangwa kwenye ukuta mfupi wa baraza, vikimtazama kwa macho ya pembe tatu na vinywa vyenye meno machache yaliyopishana. Alirudi nyuma nusu hatua. Halafu macho yake yakashika kile cha katikati, akaona ubavuni mwake alama nyeupe, pana kama kiganja, mahali boga lilipolalia jiwe tangu likiwa changa. Alilijua jiwe hilo. Alikuwa amejaribu kuliondoa akashindwa.

“Ni boga yangu,” alisema kwa sauti ndogo.

Kisha akamwona Donat. Hakuwa amesimama kando na sinia, kama alivyomfikiria siku zote akiwa kazini. Alikuwa amekaa chini, kwenye sakafu ya baraza, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Kulia kwake alikuwepo msichana mzungu wa miaka kama tisa, kushoto mvulana mdogo aliyemwegemea begani. Mbele yao palitapakaa karatasi, gundi ya unga ndani ya bakuli, pamba, uzi, na kopo la masizi. Donat alikuwa akikata popo. Aliikunja karatasi nyeusi mara mbili, akapitisha mkasi polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo, akaikunjua, na popo watatu wakafunguka wameshikana mabawa. Yule mvulana akamnyang’anya, akamwekea kichwani. Donat akatikisa kichwa kwa makusudi ili popo waruke. Akacheka. Kicheko kilitoka tumboni, kirefu, kikamfanya afute macho kwa mgongo wa mkono.

Mutale alisikia mkono wa Julienne ukilegea ndani ya mkono wake.

“Baba anacheka,” Julienne alisema.

Hakusema kwa furaha wala kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetaja kitu alichokiona njiani. Lakini Mutale, aliyekuwa amekuja akiwa na hofu ya damu na ya watu wanaopotea, alihisi hofu hiyo ikiondoka yote kwa pamoja, na mahali pake pakaingia kitu kingine ambacho hakuwa amejiandaa nacho. Miaka minane. Alijaribu kukumbuka siku moja, hata moja, ambayo Donat alikaa chini na watoto hawa, na akili yake ikampa tu kile kiti na mikono ile iliyotazamwa.

Numbi, juu ya mgongo, aliita, “Baba.”

Donat aligeuka. Kicheko kilikatika. Aliwatoa popo kichwani, akasimama, akajipangusa, na aliposhuka ngazi kuja kwenye ua alikuwa tena yule aliyeegemeza baiskeli kila jioni.

“Nani amekuita hapa?”

“Hakuna,” alisema Mutale. “Nilikuya kuangalia boga yangu.”

Kabla Donat hajajibu, madame alitokeza barazani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwekundu wa jua, nywele zimefungwa ovyo. Aliwaita waingie, kwa Kiswahili cha jikoni alichojifunza kwa kutuma vitu. Kwao, alisema, usiku wa kuamkia Watakatifu Wote watoto huwasha nyuso kama hizi madirishani ili walicheke giza. Kwao huchonga mboga nyingine, ya chini ya ardhi, ngumu kama jiwe. Hapa haipo, basi Donat akasema mke wake ana maboga.

Yule mvulana, Robi, alikuja akamtazama Numbi kwa muda, kisha akampa leso nyeupe iliyofungwa uzi shingoni, ndani pamba, juu matone mawili ya wino kuwa macho. Ilikuwa mzimu. Numbi aliipokea kwa mikono miwili.

“Donat ni fundi,” madame alisema, akimtabasamia Mutale. “Kukata, kubandika, yote. Batoto yako najua hii yote mbele, hapana? Nyumbani nafanya sana.”

Donat alitazama sakafu. Julienne alimtazama mama yake.

“Ndiyo, madame,” Mutale alisema. “Anafanya sana.”

*

Walirudi watatu, Donat akabaki kumaliza kazi. Kwenye cité Numbi alitembea mbele akiupeperusha mzimu wake, kitu cheupe chenye macho, na Mutale hakukumbuka kumkataza mpaka alipoona wanawake wakisimama vizingitini. Kapya alimwona, akamwona Numbi, akaona leso. Akamwingiza Agnès ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Jioni, Donat alisema neno moja tu. “Usirudie tena.”

Mutale alimtazama. Kulikuwa na maneno mengi aliyoweza kumrudishia. Kitandani aligeuka upande wa ukuta. Hakulala vizuri. Asubuhi ya Jumapili alikwenda misa na watoto, na kwenye benchi lao palibaki nafasi pande zote mbili.

Donat alikuwa kazini nusu siku, hata Jumapili. Saa saba mchana, wanaume watano waliingia uani bila kubisha. Mbele alikuwa Kalaba, bado amevaa koti la misa, na nyuma yao majirani walikuwa wakisogea, wanawake kwa watoto, wakisimama mbali kidogo kama watu wanaotazama nyumba inayoungua.

“Baba Julienne eko wapi?” Kalaba aliuliza.

“Ku kazi.”

“Hii kazi njo tunataka kujua.” Kalaba hakuwa na chuki usoni, na hilo lilimtisha Mutale zaidi. Alikuwa mtu anayeogopa kweli. “Mama, sisi tuko na batoto. Sikatai, Donat ni muntu wa heshima. Lakini nimeona kichwa na macho yangu hii mbili. Jana mutoto yako alikuwa anatembea na kintu ya kizungu iko na macho. Bantu banasema mutoke hapa mutaani. Mbele ya mvua kunyesha.”

“Tuende wapi?”

“Hatujui. Mbali.”

Mutale alitazama nyuso zilizomzunguka. Alizijua zote. Alikuwa amezaliwa Pweto, akaja mjini akiwa mwari asiye na ndugu hapa, na nyuso hizi ndizo zilizompokelea watoto wake wawili walipozaliwa. Alitaka kueleza, akaona kwamba maneno hayangesaidia kitu, kwa kuwa wao walikuwa na macho ya Kalaba na yeye alikuwa na maneno tu.

Aliingia ndani. Akapiga magoti, akalivuta boga la mwisho kutoka chini ya kitanda. Akachukua kisu, kijiko kikubwa, kipande cha mshumaa na kaa la jana, akatoka navyo, akakaa chini katikati ya uwanja. Watu walirudi nyuma.

“Julienne, kuya. Numbi, na weye.”

Hakujua namna ya kufanya. Alikuwa ameona kwa dakika chache tu kupitia pengo la ua. Alilikata boga juu, akang’oa kifuniko, na kifuniko kikatumbukia ndani. Akakitoa. Akampa Julienne kijiko.

“Toa mbegu.”

Julienne aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi la nyuzi na mbegu linalotelezateleza, akatafuta namna ya kulishika, na bila kutaka akacheka. Numbi akadai zamu yake. Mbegu zikarukia miguu ya Kalaba, naye akazitazama.

“Angalieni ndani,” Mutale alisema, akiliinamisha boga upande wao. “Kuko nini? Nani anaona muntu humu?”

Agnès, binti ya Kapya, ndiye aliyeanza kusogea. Mama yake alimwita mara moja, na mtoto akasimama, lakini hakurudi. Alichuchumaa pale alipofika, mikono magotini. Wengine wawili wakaja nyuma yake. Mutale alichora jicho kwa kaa, akajaribu kulikata. Kisu kikateleza, jicho likawa shimo kubwa lisilo na umbo.

Hapo ndipo baiskeli iliposikika.

Donat alisimama kwenye kona ya nyumba, mguu mmoja bado juu ya kanyagio. Alitazama umati. Alimtazama mke wake chini, boga kati ya magoti, na watoto watano wamemzunguka. Mutale alimwona akielewa kila kitu, kimoja kimoja. Akageuza kisu, akamnyooshea upande wa mpini.

Donat angeweza kuwafukuza. Angeweza kuingia ndani na kumwacha amalize aibu yake peke yake, na hakuna mwanaume pale ambaye angemlaumu. Kazi ya mzungu hufanywa kwa mzungu. Mwanaume wa miaka arobaini, mpishi wa nyumba kubwa, hakai kwenye vumbi na watoto akichezea mboga mbele ya wanaume wenzake.

“Kifuniko unakata vibaya,” alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa kavu. “Unalaza kisu. Ukikisimamisha kitatumbukia.”

Akaiacha baiskeli ikaanguka. Akapiga magoti.

Aliwaonyesha. Jicho lile lililoharibika alilipanua likawa kama jicho la mtu aliyeshtuka, na jingine akalifanya dogo, kana kwamba boga linakonyeza. Meno aliyaacha matatu juu na mawili chini. Alimwambia Numbi apake majivu ndani ili unyevu ukauke. Alitumwa mtoto mmoja karatasi ya mfuko wa saruji, mwingine masizi ya sufuria, na Donat akaikunja karatasi mara mbili, akamshika Agnès mkono, mkono wake juu ya ule mdogo, wakauongoza mkasi pamoja.

Kisha Kalaba akacheka.

Hakucheka kwa kufurahi. “Hii njo kazi ya mupishi,” aliwaambia wenzake. “Miaka tisa ku bazungu, anajifunza kuwa mutoto.” Wanaume wakaguna, mmoja akacheka naye. Mutale aliona shingo ya Donat ikikaza. Ndicho kicheko Donat alichokuwa akikikimbia, Mutale alitambua, wiki nzima, pengine miaka tisa nzima. Mutale alingoja Donat asimame.

Donat hakusimama. Vidole vyake vilipoteza wepesi vilivyokuwa nao kule barazani, na popo aliyemkata alikuwa na bawa moja fupi, lakini aliendelea. Alipomaliza aliliingiza boga ndani ya nyumba, akafunga dirisha, akawasha mshumaa na kuwaita watoto. Waliingia wakisukumana. Kelele ikapanda, ya woga kwanza, halafu ya kicheko, halafu wakatoka mbio wakazunguka nyumba na kuingia tena.

Kalaba alikaa muda. Mwishowe aliinama mlangoni, mikono nyuma, akachungulia. Alipoinuka, alionekana mtu aliyechoka.

“Iko boga,” aliwaambia walio nje. “Njo ile ile nilionaka. Iko boga.” Akamtazama Donat kana kwamba Donat ndiye aliyemkosea. “Ungesema tu.”

Watu walianza kuondoka mmoja mmoja. Wengine walimsalimu Mutale, wengine hawakumsalimu. Kapya alimchukua Agnès, ambaye alikuwa mweusi wa masizi mpaka masikioni, akaondoka bila kugeuka.

*

Nyama ya boga Mutale aliipika na karanga za kutwanga. Alijaza bakuli, akamtuma Julienne kwa Kapya. Bakuli lilipokelewa mlangoni. Hakujua kama kilichokuwemo kililiwa au kilimwagwa, na kesho yake liliporudi lilikuwa limeoshwa safi, halisemi kitu.

Usiku huo wa Jumapili, baada ya kula, watoto walipokwenda kulala, alikaa mbele ya Donat. Hakuona njia ya kulizunguka jambo.

“Juu ya nini unacheka kule, na hapa hapana?”

“Kule niliambiwa,” Donat alisema. “Bwana alikwenda ku reli, madame akaniambia, kaa na batoto, banasumbua. Siku ya kwanza nilikuwa na haya mpaka nilitoka jasho. Siku ya pili…” Alisita. “Siku ya pili niliona ninangojea saa tisa ifike.”

“Na hapa?”

“Hapa nikiingia bananyamaza.”

“Bananyamaza juu unaingia umenyamaza.”

Hakukana. Alisema kwamba baba yake alikuwa mtu wa mgodi, akirudi hulala, akiamka huenda, na kwamba yeye hakuwahi kujua kuna namna nyingine ya baba kuingia nyumbani. Alilisema bila kujitetea, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Mutale alimsikiliza. Hasira yake haikwisha, lakini ilipata mahali pa kukaa, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo miguu yake haikumtaka ainuke.

Jumatatu ilikuwa Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote, na madame alikuwa amempa ruhusa. Baada ya misa Donat hakukaa kwenye kiti. Alikaa kwenye kizingiti, mkasi mkononi, akakohoa kidogo, akamwita Julienne alete karatasi.

Julienne alikuja na karatasi, akasimama hatua kadhaa mbali naye.

“Madame amekutuma?” aliuliza.

Mutale, aliyekuwa akipepeta mchele kando ya ukuta, aliuacha ungo utulie.

“Hapana,” Donat alisema. “Hakuna amenituma.”

Mtoto alilifikiria jibu hilo. Kisha akaikata karatasi katikati, nusu moja akampa baba yake, na nusu ya pili akaja nayo kwa mama yake, akakaa chini na kuanza kuikunja peke yake, akimtazama Donat mara kwa mara aone anakunja vipi. Donat hakumwita asogee. Alikunja polepole, karatasi ameiinua juu, ili Julienne aone.